Mtungi wa Tatu

Amu, 18 Julai 2025

Idris, mwana wa ndugu yangu,

Salamu zako za Idi nilizipata. Sikuzijibu kwa makusudi, usije ukajipa moyo kwamba shangazi yako amezeeka akasahau. Simu zako pia naziona zikilia. Sizipokei kwa kuwa sauti yako ni ya marehemu babako, na nikiisikia nitalainika. Karatasi haina sauti. Ukiwa na neno, andika, umpe Bwana Madi akivuka na boti kuja kuchukua mboga za hoteli yenu.

Nina habari. Mwanangu Sundus anaolewa. Mume ni Swafwan, mwana wa Bi Hayat wa Mkomani. Arusi ni baada ya Maulidi, inshallah. Wewe na Sundus mmekula sahani moja tangu nilipokuchukua hujui hata kufunga kikoi, kwa hivyo ni haki yako kuisikia kwangu na si kwa watu wa gatini. Utakuja msikitini kwenye nikahi, utakaa na wanaume, utakula biriani yako. Lakini nyumbani kwangu neno ni lile lile nililokwambia siku ulipoingia kwenye kazi hiyo: mkono unaomimina mvinyo hauingii jikoni mwangu. Hakulaaniwa mnywaji peke yake. Anayeubeba na anayeumimina wamo. Hayo uliyasoma chuoni kwa mwalimu utotoni, sikuyatunga mimi.

Hata hivyo mtoto hanyimwi chakula. Nakuletea kopo la achari ya embe, ya kwanza kutokana na siki ya mwaka huu. Maembe nimeyaanika darini kwa mkono wangu. Hii ndiyo itakayoliwa arusini, ndoo mbili nzima, na watu wameshaanza kuiulizia. Kula, kisha unambie.

Shangazi yako,
Mwanamkisi


Ras Kitau, 27 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Salamu hizi zipokee mlangoni, maana mwenye kuziandika hana ruhusa ya kupita.

Nimefurahi kwa Sundus mpaka Bwana Murithi akaniuliza kama nimeongezwa mshahara. Murithi ni mkubwa wangu, Mmeru, ndiye mwenye funguo za chumba cha mvinyo. Mpe Swafwan pole kutoka kwangu. Anaoa nyumba yenye mama mkwe mkali na mke mwenye kukoroma.

Najua hutaki habari za kazi yangu, lakini moja itakuchekesha. Juzi mgeni mmoja aliagiza chupa ya mvinyo mwekundu, ya zamani, katika zile tunazozilaza ubavu ili kizibo kisikauke. Chupa kama ile huipandishi mezani kwa pupa. Unaipoza kidogo kwanza, kwani hao wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, chumba chao hakikuwa huku kisiwani Manda. Halafu unaimimina polepole kwenye chombo kingine, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, uone mashapo yanapoanza kuja na uache. Nilifanya yote hayo. Nilipoinusa, ilikuwa imegeuka siki. Kizibo kilipitisha hewa wakati ule umeme ulipokatika na joto likaingia chumbani. Murithi alishika kichwa kama aliyefiwa, na mimi nikageuka upande nikacheka. Niliwaza, ingekuwa ni ua wa shangazi, hapa vingepigwa vigelegele. Kwao kinapogeuka kimeharibika, kwako kinapogeuka ndipo kimetengenea.

Achari imefika salama. Nilitaka kuuliza, mitungi ya mwaka huu uliitia lini? Kusi imekuwa na baridi sana, hata hapa tunalala na shuka nzito. Yote mitatu imeshakamilika? Uliinusa ukaridhika nayo? Nauliza tu.

Kopo sijalimaliza, nimeliweka.

Wako,
Idris


Amu, 3 Agosti 2025

Idris,

Unaniuliza mimi kama nimenusa!

Nimetia siki tangu babako yu hai. Zabibu kavu, maji, mtungi, kitambaa mdomoni, basi. Hutii munyu, hutii kitunguu, hutii siki kuukuu ya kuuharakisha. Kikigeuka chenyewe ni halali, ukikigeuza kwa mkono wako umekiharibu, na ndiyo elimu tuliyopewa. Kuna siku hapo katikati ambapo kilichomo mtungini ni haramu tupu, na siku hizo nazijua kwa pua, sijapata kutia ulimi. Tena ni nani aliyekufunza wewe kunusa? Ulikuwa ukipanda kigoda, unachungulia, unaniambia, “Shangazi, yeo unanuka viatu.” Nikakwambia bado. Siku nyengine ukaja, “Shangazi, umenitoma mato.” Nikakwambia ikichoma macho hivyo, hiyo sasa ni siki. Leo mwanafunzi anamkagua mwalimu.

Neno hukulitaja lakini nimelisoma. Unadhani achari yangu ina kitu. Achari hii watakula mashekhe, watakula wazee wa mtaa, na wewe unaketi huko na chupa zako unaitilia shaka! Pua yako imeoza, Idris. Umeinamia mvinyo mwaka baada ya mwaka mpaka kila kitu kinakunukia mvinyo.

Kopo langu ukiwa huliwezi, mrudishie Bwana Madi. Wala usiniandikie mpaka upate adabu.

Mwanamkisi


Amu, 19 Agosti 2025

Kaka Idris,

Ni mimi Sundus. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu Mama huishika akitafuta nambari za watu wa kualikwa, na nikikupigia atasikia, kuta za nyumba hii unazijua. Barua hii nimempa Bwana Madi mwenyewe mkononi.

Umerudisha kopo likiwa limejaa. Mama ameliweka kabatini, hataki kuliangalia, na tangu siku hiyo hazungumzi vizuri na mtu. Sasa niambie kweli. Ulisikia nini ndani yake?

Nitakwambia nilichokiona mimi. Unakumbuka ile homa aliyoipata kwenye Ramadhani? Tulidhani imekwisha. Mwezi wa sita wali uliungua jikoni yeye ameketi hapo hapo anachambua dengu, hatua mbili kutoka motoni, moshi umepanda mpaka juu kwa jirani, na yeye ananiuliza napiga kelele za nini. Nikasema labda alikuwa na mawazo. Halafu wiki iliyopita alitaka kufukiza nguo zangu za arusi. Akaniita, akazungusha chetezo chini ya buibui na kanga zote, ananiambia, “Sikiza harufu hiyo, mwanangu, udi wa mamangu huo.” Kaka, chetezo kilikuwa na makaa matupu. Udi ulikuwa bado umefungwa kwenye karatasi, juu ya dirisha.

Nikamwambia, “Inanukia vizuri sana, Mama.” Ningefanya nini jamani?

Mimi mitungi siwezi kumsaidia. Tangu udogo alisema pua yangu ni ya mapambo. Mtu anayejua kazi ile baada yake ni wewe tu. Na hawezi kukuita, alishasema maneno yake mbele ya mtaa mzima. Nikimwambia nimegundua, atavunjika. Nisipomwambia, tutawapa watu wa arusi kitu ambacho hakuna atakayetusamehe, na yeye mwenyewe hatajisamehe kabisa.

Fanya kitu, kaka. Usinitaje.

Sundus


Ras Kitau, 24 Agosti 2025

Shangazi,

Adabu nimeipata. Ilikuwa imepotea njia, imerudi.

Nina shida na wewe ndiye mwenye dawa yake. Wamekuja wahudumu wapya, na Bwana Murithi amenipa kazi ya kuwafundisha kunusa. Nataka waijue harufu ya siki safi, ili chupa ikiharibika waitambue kabla haijafika kwa mgeni. Nimekaa nikagundua mimi mwenyewe nimeanza kuisahau. Hizi siki za dukani zinachoma tu, hazina kitu nyuma. Naomba ruhusa nije uani, siku moja, nisimame mbele ya mitungi yako nikumbuke. Sitagusa kitu. Jikoni sitaingia, nitapita mlango wa nyuma.

Ukikataa sitanung'unika.

Idris wako


Amu, 28 Agosti 2025

Mwanangu,

Uongo huuwezi. Hukuuweza ulipokula halua ya wageni ukasema ni panya, na huuwezi leo. Wahudumu wa Ras Kitau wana haja gani na mitungi ya Mwanamkisi? Mtu ameniona, akakwambia. Sitauliza ni nani, maana najua ni yule anayekoroma.

Basi nisikilize, niliseme mara moja nisirudie. Tangu ile homa sina pua. Mwanzo nilidhani ni mafua. Nikangoja Idi, nikangoja Idi ya pili. Asumini ninaitia kwenye mto, nalala juu ya maua kama nimelala juu ya karatasi. Samaki hanuki. Bahari hainuki. Nimemkumbatia Sundus nikamtia uso shingoni, pale pale nilipokuwa nikimnusa tangu amezaliwa, na hapakuwa na mtu. Nimelia siku hiyo, Idris, kuliko nilivyolia kwa babako, Mungu anisamehe.

Mitungi niliifungua nikainama. Wa kwanza ulinichoma puani, wa pili ukanichoma, na wa tatu ukanichoma vile vile. Kuchoma bado nakusikia. Nikasema basi, kinachochoma ni siki. Nikauanza huo wa tatu kwa achari, kwa kuwa uko karibu na mlango na mgongo wangu unauma. Barua yako ilipokuja nikajua, Wallahi nilijua papo hapo, na ndiyo maana nilikutukana. Mtu humtukana anayemwona uchi.

Njoo. Njoo Jumapili baada ya alasiri, wanawake watakuwa kwa Bi Hayat wakishona mito. Usije na nguo za kazini. Oga kwanza, utie udhu. Ndoo mbili za achari ziko chini ya ngazi, nimezifunika. Tangu juzi sijazikaribia.

Shangazi yako


Amu, 9 Oktoba 2025

Idris,

Arusi imepita, mikeka ya watu wa Kipungani tumeirudisha, na nyumba imetulia. Swafwan ni kijana mzuri ila anakula kama anayekimbizwa. Anaishi hapa nasi sasa kama ilivyo desturi, kwa hivyo kuna mwanaume wa kubadilisha taa. Sikwambii ili uone wivu.

Nimekaa siku nyingi sijakuandikia juu ya Jumapili ile. Ulisimama kwenye mtungi wa kwanza ukasema, “Huu ni siki.” Wa pili ukasema, “Huu ni siki, tena bora.” Kwenye wa tatu ulifumba macho. Kisha ukainua sahani niliyoufunika nayo ukaniuliza kitambaa kiko wapi. Sikuwa na kitambaa cha tatu. Niliona sahani na kitambaa ni mamoja. Ukaniambia, “Shangazi, kwetu kizibo ni cha kuzuia hewa isiingie. Kwako kitambaa ni cha kuialika.” Nikajua jibu.

Hukunilaumu, na ulizibeba zile ndoo mwenyewe, moja moja, ukamwaga shimoni, na mimi nimesimama nakuangalia maembe yangu yakienda. Ulitaka kusema tutawaambia watu kwamba panya waliingia. Nakumbuka. Lakini nilikuwa na siku nyingi za kufikiri, na usiku wa kupaka hina, nyumba imejaa, jirani yetu Bi Saadiya aliponiuliza mbele ya wote, “Achari i wapi, Mwanamkisi?” nikamjibu, “Nimeimwaga. Haikuwa siki, na mimi sina pua tena. Mwana wa ndugu yangu ndiye aliyeijua.” Halafu Bi Hayat, mkwe wangu, akasema yeye afadhali ale biriani kavu kwa mtu msema kweli. Wakaanza kupiga ngoma upya. Watasema, najua. Waseme. Achari ya ndimu niliyotengeneza baadaye kwa siki ya ile mitungi miwili ilitosha meza ya bibi arusi tu, na walioikosa bado wananuna.

Sasa kuna mambo mawili.

La kwanza. Kila Ijumaa unakuja, unaunusa mtungi wa tatu, unasema “Bado,” unakula chakula chako hapo dakani kwenye baraza, unaondoka na boti. Bado! Neno moja! Maisha yangu yote mitungi ilikuwa ikizungumza na mimi. Ikinieleza imefika wapi, imekasirika au imelala. Sasa napewa neno moja kama mtu anayeuliza bei. Nimesikia kwamba wewe ukisimama mbele ya meza za wageni unaeleza chupa mpaka watu wanaacha kula wanakusikiliza. Nilipoambiwa hivyo nilikereka sana. Leo nakuomba. Niandikie mtungi unanukia vipi. Usiseme “mzuri.” Nieleze kama unavyowaeleza wao.

La pili nimelimeza miaka yote hii kwa kuogopa jibu. Huo mvinyo, umeuonja?

Shangazi yako,
Mwanamkisi


Ras Kitau, 13 Oktoba 2025

Shangazi,

Naanza na la pili, kwa kuwa nimelingoja uniulize tangu siku uliyonifungia mlango. Sijauonja. Hata tone. Chupa zote naziingia kwa pua, na nikifika mwisho wa pua nasimama hapo. Murithi hucheka, anasema mimi ni msomaji asiyefungua kitabu. Sasa wanataka kunipeleka Afrika Kusini nikasomee kazi hii, na huko lazima kuonja na kutema. Nimemwambia anipe muda. Kuhusu kumimina, sikupingi. Ulichokisema ni kweli na nilikijua nilipoanza. Nalala nacho. Sijui nitafanya nini, naogopa kukuahidi kitu ambacho sijakiweza.

La kwanza sasa. Fumba macho.

Ukiinua kitambaa, zinakuja zabibu. Si kama za dukani, ni zabibu zilizokaa majini mpaka zikalisahau jua. Nyuma yake kuna utamu uliochoka, ule wa tende zilizobaki chini ya kapu Ramadhani ikiisha. Halafu mbao, mbao ya mlango wa zamani ulionyeshewa ukakauka. Hapa katikati ndipo mvinyo ulipo, Shangazi, na umeniomba kweli, kwa hivyo nitaisema: ni mzuri. Ni mzuri kuliko nyingi ninazozipandisha mezani. Jumapili ile nilipofumba macho nilikuwa naona haya, kwa sababu niliutambua na nikaupenda, kwenye ua wako, na udhu ninao.

Lakini Ijumaa hii kuna kitu kipya. Ukingoja, usivute pumzi kwa nguvu, chini kabisa kuna ncha ndogo. Inagusa juu ya pua, inaondoka. Wiki iliyotangulia haikuwepo. Ile hewa imeanza kazi yake. Joto likija itakua, na zabibu zitarudi nyuma, na tende itakwisha, na siku moja nitainama pale nitachomeka macho kama nilipokuwa juu ya kigoda. Nilisema “Bado” nikaondoka haraka kwa kuwa nilifurahi nikaogopa kuitia mkosi.

Kuna jambo moja hukuniuliza. Uliandika kwamba umemkumbatia Sundus hapakuwa na mtu. Nami nimekaa nje ya nyumba ile kwa miaka, kwa hivyo pua yangu haijaizoea, naweza kukueleza. Mlangoni ni chokaa na maji ya mtungi wa kunawia. Ukipita, udi wa mama yako, ule wa kwenye karatasi, unatoka dirishani hata bila moto. Sundus ananukia asumini na mafuta ya nazi yaliyopashwa, na chini yake bado kuna ile harufu ya unga aliyokuwa nayo mdogo. Wewe unanukia karafuu, sabuni ya kipande na moshi wa makumbi ya nazi. Hakuna kilichoondoka. Vyote viko mahali ulipoviacha.

Idris


Amu, 15 Oktoba 2025

Idris,

Nimeisoma, nikaisoma. Sundus amenikuta na karatasi usoni, akaniuliza nalilia nini. Nikamwambia ni moshi. Akaniambia jiko halijawashwa.

La kazi yako hatujalimaliza, wala usidhani maneno mazuri yamelifuta. Tutaligombania, lakini tuligombanie tumeketi.

Mtungi usiutie mkono. Tuungojee.

Ijumaa uye na ndaa, usile huko. Dakani hakuna kitu. Chakula ki jikoni.

Mwanamkisi